Shahada ni Ushahidi: Je, Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ashauriwe Katika Jambo la Akili Unde?



Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliwafungulia watu wote mashine yake iitwayo ChatGPT, mashine ambayo mtu huiuliza neno kwa maandishi nayo ikamjibu kwa maandishi, ikamtungia insha, barua, hesabu au shairi, kwa muda usiofika dakika moja. Tangu siku hiyo vyuo vikuu vya dunia nzima vimo katika shughuli ya kutafuta njia ya kukaa na mgeni huyu ambaye hakubisha hodi. Waalimu walipopata habari zake walikuta amekwisha kula sahani moja na wanafunzi. Vyuo vyengine vilipiga marufuku, vyengine vikaruhusu, na vyengine vikanyamaza vikingoja kuona wenzao watafanya nini.

Katika mazungumzo hayo husikilizwa zaidi mwalimu, na mkuu wa chuo, na muuzaji wa mashine. Mwanafunzi huzungumzwa sana lakini huzungumza kidogo. Hutajwa kama mtu wa kuchungwa asiibe, au kama mteja wa kufurahishwa asiondoke, na ni nadra kutajwa kama mtu mwenye rai. Basi swali tunalotaka kulipima leo ni hili: Je, kumshauri mwanafunzi katika kuamua akili unde iingie vipi chuoni ni haki yake, au ni ihsani tu, ambayo mkubwa akipenda huifanya na asipopenda huiacha?

Rai yetu ni kwamba ni haki, na sababu yake ni nzito kuliko ile ya kuwaridhisha vijana. Chuo kisichomshauri mwanafunzi katika jambo hili hakiwezi tena kutoa shahada ya kweli. Twamuomba msomaji awe na subira mpaka tulieleze neno hili, kisha ahukumu mwenyewe.

Jambo hili lamhusu nani?

Huenda mwenye duka wa Kibokoni, au mvuvi wa Lamu, akasema: Mambo ya vyuo vikuu yanihusu nini mimi? Jawabu yake ni kwamba yamhusu sana. Huyo kijana aliyeko Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho asili yake ni ile MIOME waliyoijua wazee wetu katika miaka ya 1950, amelipiwa karo kwa minazi iliyouzwa, au kwa mkopo, au kwa mchango wa ukoo mzima. Tena akimaliza, yeye ndiye atakayemdunga sindano mama yako, atakayepima nguzo za nyumba ya ghorofa utakayolala chini yake, na atakayemfundisha mjukuu wako kusoma. Ikiwa cheti chake ni kweli, tutasalimika sote. Ikiwa cheti ni cha mtu mmoja na elimu ni ya mashine, siku ya haja itafika na mashine haipo.

Mashine yenyewe tusiikuze wala tusiidharau. Si mjuzi aliyefichwa ndani ya sanduku. Imelishwa maandishi mengi mno, ikajifunza ni neno gani huelekea kufuata neno gani, basi ikiulizwa hupanga maneno kwa kadiri ya mwelekeo huo. Kwa hivyo husema sawa mara nyingi na hukosea mara nyengine, na sauti yake ni ile ile katika hali zote mbili. Mwezi wa Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000, kwa kuwa walipeleka mahakamani hukumu za kesi ambazo hazijapata kuwako duniani. Mashine ndiyo iliyozitunga, nao hawakuzihakikisha. Hao walikuwa watu wazima wenye vyeti vyao. Basi kijana wa miaka kumi na tisa atakuwaje?

Lakini mashine hiyo hiyo, ikitumiwa na mwenye kujua anachokitafuta, humfafanulia somo gumu mtu asiyekuwa na mwalimu wa ziada, humsomea asiyeona, na humsahihishia lugha mtu anayeandika kwa lugha isiyokuwa yake. Manufaa haya si madogo, na mtu mwenye insafu hayakanushi. Kwa ajili hiyo hatulijadili hapa swali la kuwa mashine ni nzuri au ni mbaya. Twajadili nani aweke masharti ya matumizi yake.

Maana ya shahada

Neno hili shahada, tunalolitumia kwa cheti cha chuo kikuu, ndilo lile lile neno la ushahidi. Chuo kinapompa kijana shahada husimama mbele ya watu kikasema: Sisi twashuhudia kwamba huyu ajua kadha wa kadha, basi mpeni kazi na mumuamini. Na ushahidi una sharti ambayo hata asiyesoma aijua, nayo ni kwamba shahidi aseme alichokiona. Mtu asiyeona akasema nimeona, huyo ni shahidi wa uwongo, hata ikiwa jambo lenyewe litatokea kuwa kweli.

Wazee wetu walilishika sana jambo hili. Katika darsa za Lamu na Mombasa mwanafunzi hukaa mbele ya shekhe wake akasoma kitabu kwa sauti, shekhe akasikiliza, akamsahihisha, akamuuliza maana, akamrudisha nyuma akikosea. Ijaza ikitolewa hutolewa na mtu aliyesikia kwa masikio yake. Vyuo vikuu vya leo haviwezi kufanya hivyo kwa urahisi, kwani darasa moja laweza kuwa na wanafunzi mia mbili na mwalimu ni mmoja. Kwa hivyo vilitegemea insha na kazi za kuandika nyumbani. Mwalimu hakumuona mwanafunzi akifikiri, lakini aliyaona maandishi yake, na kwa maandishi akakisia fikira iliyoyatoa. Halikuwa jambo kamili, lakini lilitosha.

Leo halitoshi tena. Maandishi mazuri yaweza kutoka kwa mtu aliyefahamu, na yaweza kutoka kwa mtu aliyebonyeza simu mara tatu akaenda kulala. Baina ya watu hawa wawili wamo wengi wa kati na kati: aliyeandika mwenyewe kisha akasahihishiwa lugha, aliyeomba afafanuliwe kisha akaandika, aliyeomba mpango wa insha akaujaza, aliyechukua nusu na kuandika nusu. Ni nani basi ajuaye yupi ni yupi? Mwalimu hajui, mkuu wa chuo hajui, na kampuni iliyoiunda mashine haijui kilichomo kichwani mwa kijana. Ajuaye ni mwanafunzi peke yake.

Hapa ndipo lilipo shina la maneno yetu. Chuo chatakiwa kishuhudie jambo, na jambo lenyewe limo mikononi mwa mwanafunzi, naye hataonyesha kilichomo mkononi kwa mtu aliyekuja na fimbo tu. Ataonyesha kwa mtu aliyekaa naye kitako, akamuuliza, akamsikiliza, na akampa sehemu katika kuamua. Kumshauri mwanafunzi, basi, ndiyo njia ya shahidi kupata kuona. Chuo kikikataa njia hiyo, kitaendelea kushuhudia kisichokiona.

Waliotaka kujua bila ya kuuliza

Wapo waliodhani kwamba mashine itafichuliwa na mashine nyengine, na kwa hivyo hapana haja ya kumuuliza mwanafunzi lolote. Tazameni yaliyotokea.

Mwezi wa Januari 2023 kampuni hiyo hiyo ya OpenAI ilitoa chombo cha kutambua maandishi ya akili unde. Kwa majaribio yake yenyewe, katika kila maandishi mia ya mashine chombo kilitambua 26 tu, na katika kila maandishi mia ya wanaadamu kikayasingizia 9. Mwezi wa Julai mwaka huo huo kampuni ikakiondoa kwa sababu hakisemi kweli kiasi cha kutosha. Mwezi wa Mei 2023, katika chuo kimoja cha Texas, mwalimu alizitia insha za wanafunzi wake ndani ya ChatGPT akaiuliza kama ni yeye aliyeziandika. Mashine ikakubali, kama inavyokubali mengi. Wanafunzi waliokuwa wakingoja shahada zao wakajikuta ni watuhumiwa, na ikambidi mtu kutoa kumbukumbu za kompyuta yake ili aonyeshe saa alizokuwa akiandika.

Na lililo zito zaidi kwetu ni hili. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vyombo saba vya namna hiyo kwa insha 91 zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani, zaidi ya insha 61 katika kila mia zilisingiziwa kuwa ni za mashine, ilhali insha za watoto wa shule wa Kimarekani zilipita karibu zote salama. Sababu yake yafahamika: mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno machache na mpango ulionyooka, na vyombo hivyo huona unyoofu huo kuwa ni dalili ya mashine. Sasa mfikirini mtoto wa Kwale au wa Pate, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kidigo au Kipate, ya pili ni Kiswahili cha shule, na Kiingereza ni ya tatu. Yeye ndiye atakayekamatwa kwanza, na dhambi yake ni kuandika kwa uangalifu.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilipiga hesabu mwezi wa Agosti 2023. Kilisema kwamba mwaka 2022 kazi 75,000 za wanafunzi wake zilipitishwa katika chombo cha kukagua wizi wa maandishi, basi lau makosa yangekuwa ni moja tu katika mia, kazi 750 zingesingiziwa. Kikaizima sehemu ya kutambua akili unde. Huo ulikuwa uadilifu. Lakini kuizima mashine ya kutuhumu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumuuliza mwanafunzi: Basi wewe wafanyaje kazi yako, na ni lipi litakalokufanya uifanye kwa ukweli?

Hoja za wenye kupinga

Wapo wanaopinga rai hii, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza husema: Mwanafunzi ana maslahi yake, ataka wepesi, basi kumuuliza kuhusu masharti ya mtihani ni kama kumuuliza mnunuzi mizani iwekweje. Jawabu ni kwamba ni kweli ana maslahi, lakini nani asiyekuwa nayo? Kampuni yataka kuuza. Mkuu wa chuo ataka chuo chake kionekane cha kisasa. Mwalimu aliyechoka ataka karatasi zipungue, na kwa hakika waalimu nao waitumia mashine hii kutunga maswali na kusahihisha majibu. Lau kila mwenye maslahi angefukuzwa barazani, baraza lingebaki na mikeka mitupu. Dawa ya maslahi ni wenye maslahi mbalimbali kukaa pamoja na kila mmoja akamwangalia mwenziwe, wala si kumtoa mmoja na kuwaacha waliobaki wakagawana.

Wa pili husema: Mwanafunzi hajui, ndiyo maana akaja kusoma. Twasema kwamba hajui tiba, hajui sheria, na katika hayo asitoe hukumu. Lakini kiatu kinapobana ajua aliyekivaa. Mwanafunzi ajua kwamba kazi tano zilizowekewa siku moja ya kurudishwa ndizo zilizomsukuma kwenye mashine. Ajua kwamba tajiri amenunua mashine ya kulipia na yeye atumia ile ya bure, na alama zikatofautiana kwa mfuko. Ajua kwamba mwalimu wa somo moja amesema tumieni na wa somo la pili amesema atakayetumia atafukuzwa, na wote wawili wamo katika jengo moja. Elimu hii hana profesa yeyote, ila kwa kuambiwa.

Wa tatu husema: Mwanafunzi ni mpita njia, miaka minne ameondoka, na chuo chabaki. Lakini huyu mpita njia ndiye atakayebeba jina la chuo mpaka kaburini kwake. Shahada ikianguka thamani, mkuu wa chuo atastaafu na kiinua mgongo chake, na kijana ataulizwa kila aendapo: Je, hii ni ya enzi za mashine?

Wa nne husema: Bora marufuku, tukapumzika. Chuo Kikuu cha Hong Kong kilipiga marufuku mwezi wa Februari 2023, na kabla ya mwaka kwisha kikageuka kikawaruhusu wanafunzi na kuwafunza matumizi yake. Marufuku isiyoweza kusimamiwa hufunza jambo moja tu, nalo ni kuficha. Tena humuumiza mkweli na kumnufaisha mwongo, kwani mkweli huiacha mashine na mwongo huitumia, kisha wote wawili wakasimama mstari mmoja kungojea kazi.

Wala jambo la mwanafunzi kuwa na sauti si la kigeni. Chuo cha Bologna huko Italia, ambacho ni miongoni mwa vyuo vikongwe vya Ulaya, kilianza na vyama vya wanafunzi waliowaajiri waalimu na kuwatoza faini wakichelewa darasani. Mwaka 1918, huko Córdoba katika nchi ya Argentina, wanafunzi walisimama wakadai sehemu katika uongozi wa chuo, na mtindo huo ukaenea katika nchi nyingi za Marekani ya Kusini. Lakini Bologna yatufunza na mpaka wake. Mwalimu aliyelipwa na mwanafunzi alimwogopa mwanafunzi, na baadaye mji ndio ulioshika kulipa mishahara, nguvu za wanafunzi zikapungua. Kwa hivyo hatusemi mwanafunzi atawale. Twasema ashauriwe, na shauri si hukumu.

Sisi wa Kenya tuna la kusema

Kuna jambo ambalo kijana wa Kenya alijua kuliko kijana wa California, nalo ni upande wa chini wa biashara hii.

Kabla ya mashine kutunga insha, vijana wengi wa Kenya waliohitimu na kukosa kazi walikuwa wakiwatungia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Mwaka 2024 ilionyeshwa filamu iitwayo The Shadow Scholars iliyoeleza habari zao, ikimfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye asili ya Kenya. Na Uingereza ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku biashara ya kuuza insha kwa sheria ya mwaka 2022. Basi uwongo katika shahada haukuletwa na mashine. Mashine imeufanya kuwa rahisi tu, ikawapokonya na kazi wale waliokuwa wakiuuza. Twajifunza hapa kwamba ugonjwa uko katika mtindo wa kupima maandishi bila ya kumpima mwandishi, na kwamba atakayepiga marufuku mashine akauacha mtindo, ameziba tundu moja la ungo.

Kisha mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani liliandika kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi machafu na ya kikatili, ili ChatGPT ijifunze kutoyasema. Kijana wa Kenya anapokaa katika baraza la chuo kushauriwa kuhusu mashine ya kununua, huyo si mteja anayechagua rangi ya shati. Ana haki ya kuuliza: Mashine hii imeundwa kwa jasho la nani? Maandishi yetu tukiyatia humo yaenda wapi? Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, imeweka kuwashirikisha watu kuwa ni miongoni mwa misingi ya utawala wa taifa. Chuo cha umma hakiko nje ya taifa.

Namna ya kushauri

Kushauri kuna adabu zake, na kukosa adabu hizo ndiko kunakoligeuza shauri likawa mchezo wa kuigiza.

Kwanza, shauri huja kabla ya uamuzi. Mwezi wa Februari 2025 vyuo vya serikali vya California, vilivyokuwa wakati huo na kampasi 23 na wanafunzi zaidi ya 460,000, vilitangaza kuwapa wanafunzi na waalimu wake ChatGPT kwa mapatano na kampuni. Mapatano makubwa namna hii yakisha tiwa saini, kumuuliza mwanafunzi waonaje ni kumuuliza bibi harusi baada ya ndoa. Wakati wa kumuuliza ni pale kalamu ingali mezani.

Pili, wachaguliwe na wenzao, wala chuo kisijichagulie vijana wa kuitikia naam. Na wawemo wa kila namna: yule asiyekuwa na kompyuta ila simu, yule asiyeona, yule asomaye jioni baada ya kazi, na yule anayesomea ufundi, si wasomea kompyuta peke yao.

Tatu, wapewe amani. Mwanafunzi akieleza barazani jinsi yeye na wenzake wanavyoitumia mashine, maneno yake yasigeuzwe kuwa mashtaka. Asiyepewa amani hatasema kweli, na shauri lisilo na kweli halina kazi.

Nne, warudishiwe jawabu. Wakisema kumi yakakubaliwa sita, waambiwe ni yapi sita na kwa nini manne yamekataliwa. Mtu aliyesikilizwa akakataliwa kwa sababu hurudi mara ya pili, lakini aliyesikilizwa kisha akapuuzwa haji tena.

Tano, mipaka ijulikane. Ni mambo gani muuguzi ayajue kichwani bila ya mashine, hesabu gani mhandisi aifanye kwa mkono wake, hayo ni ya waalimu na wenye fani kuamua, kwa sababu amana yao ni kwa mgonjwa na kwa anayepita chini ya daraja. Mwanafunzi wa uuguzi asiulizwe kama ajue kukadiria dawa ya mtoto mchanga. Aulizwe ni njia ipi ya kumfunza na kumpima itakayothibitisha kwamba ajua. Huenda akasema: Tupunguzieni insha tatu, na badala yake mtuulize kwa mdomo robo saa mara moja kwa muhula. Lau atasema hivyo, ataturejesha karibu na lile darsa la shekhe na mwanafunzi wake, na si vibaya.

Wapo watakaosema haya yataka muda na fedha, na vyuo vyetu vina madeni. Ni kweli vina madeni. Lakini kumuuliza mtu aliyeko mlangoni ni rahisi kuliko kununua chombo cha kumpeleleza kisha kulipia makosa yake.

Kwa vijana na kwa wazee wao

Nanyi vijana, mkipewa mahali barazani fahamuni kwamba mmepewa amana. Aliyeshauriwa akaficha amemkhini aliyemshauri. Msiende mkadai wepesi kwa jina la haki. Mkiona wenzenu wamefanya mazoea ya kuchukua kazi ya mashine na kuitia majina yao, semeni, bila ya kutaja watu, kwamba jambo hili lipo na kiasi chake ni kadha. Na masharti mkisha yaridhia kwa kushauriwa, hamna tena udhuru wa kusema tuliwekewa na wakubwa. Yamekuwa yenu, na kuyavunja ni kuvunja neno lenu wenyewe. Hii ndiyo gharama ya sauti, nayo ni gharama ya haki.

Na kwenu wazee, mna sehemu yenu katika shauri hili hata bila ya kualikwa barazani. Kijana akirudi likizo huulizwa, Umepata alama ngapi? Ni swali jema, lakini mashine yaweza kumjibia. Muulizeni, Umefahamu nini? kisha mkae mumsikilize akieleza, hata ikiwa hamulijui somo lenyewe. Asiyefahamu hujulikana kwa mamboleo ya maneno bila ya maana, na aliyefahamu huweza kumweleza hata nyanya yake kwa lugha ya nyumbani. Mkifanya hivyo mtakuwa mashahidi wa kwanza wa mtoto wenu, kabla ya chuo.

Nao wakuu wa vyuo twawaambia kwa heshima: karatasi mnazozitia muhuri ni maneno yenu mbele ya watu. Mwaka hadi mwaka mwasimama mkavaa majoho mkashuhudia juu ya maelfu ya vijana. Kabla ya kushuhudia juu yao, waiteni mkae nao, muwaulize.